Msikiti wa Ijumaa wa Isfahan: Makuba Mawili na Swali la Asili

Katika mtaa wowote wa mji wa Kiislamu panaweza kuwapo msikiti wa kusalia sala tano za kila siku. Siku ya Ijumaa, adhuhuri, mambo hubadilika: waumini wa mji mzima hukusanyika mahali pamoja kusikiliza hotuba, na kwa karne nyingi jina la mtawala lilitajwa katika hotuba hiyo. Aliyetajwa ndiye aliyekuwa mfalme. Aliyeachwa alijua kwamba mji umemwasi. Kwa hiyo aliyejenga katika msikiti wa Ijumaa alijenga mbele ya macho ya raia wote, na wakuu wa dola walilielewa jambo hilo vizuri kuliko wengi wa wanahistoria waliokuja kuandika habari zao. Hatuna budi kulikumbuka tunapouchunguza msikiti wa Ijumaa wa Isfahan, katika nchi ya Iran, ambayo Kiswahili cha zamani huiita Uajemi.

Makala haya hayakusudii kueleza kila pembe ya msikiti huo, maana eneo lake linapita mita za mraba 20,000 na historia yake inapita miaka 1,200. Tutashughulika hasa na makuba mawili yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 11, na mjadala ambao wataalamu wameuendesha juu yake. Mjadala huo una maana hata kwetu tunaochunguza Kiswahili na watu wake, kama itakavyodhihirika huko mbele.

Isfahan ya kale haikuwa mji mmoja. Palikuwapo miji miwili jirani: Jayy, na mwingine ulioitwa Yahudiyya kwa sababu ya Wayahudi waliokaa humo. Waarabu walipokwisha kuishika nchi, ni huu wa pili uliokua haraka, na ndani yake, katika nusu ya pili ya karne ya 8, ukajengwa msikiti wa kwanza wa Ijumaa. Msikiti huo ulikuwa mdogo kuliko wa leo, na kibla chake hakikuelekea sawasawa na kile cha jengo lililofuata. Mwaka 226 wa Hijria, yaani 840-841, wakati wa makhalifa wa Kiabbasi, ulibomolewa, na juu yake ukasimamishwa msikiti mkubwa wenye umbo la mstatili, wa mita 88 kwa 128 hivi. Huo ulikuwa msikiti wa aina iliyoenea wakati huo kutoka Iraki hadi Afrika ya Kaskazini: ua mpana ulio wazi katikati, na kuzunguka ua huo kumbi za nguzo nyingi zenye paa tambarare. Tofauti iko katika vifaa. Mahali pengine palitumika marumaru zilizochukuliwa katika majengo ya Warumi. Isfahan, mji wa nyanda za juu penye mbao chache, nguzo zilijengwa kwa matofali. Mafarrukhi, mwandishi wa Isfahan wa karne ya 11, anatuambia kwamba kando ya kila nguzo alikaa sheikh aliyezungukwa na wanafunzi wake. Msikiti, basi, ulikuwa pia chuo. Watawala wa Kibuwayhi, walioushika mji katika karne ya 10, waliongeza safu ya nguzo kuzunguka ua, zikiwa na matofali yaliyopangwa kwa nakshi mbalimbali. Baadhi yake zingaliko.

Mambo makubwa yalianza walipofika Waseljuki. Hao walikuwa Waturuki waliotoka Asia ya Kati, wapya katika Uislamu na wapya zaidi katika kazi ya kutawala miji. Tughril aliitwaa Isfahan mwaka 1051 baada ya kuuzingira, akaufanya makao yake. Msafiri na mshairi Nasir-i Khusraw aliyepita mwaka uliofuata aliukuta mji umesitawi, na msikiti mkubwa wa Ijumaa katikati yake. Chini ya Malik Shah (1072-1092) dola ya Waseljuki ilienea kutoka mipaka ya Uchina hadi pwani ya Shamu. Mfalme huyo alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi alipotawazwa, na aliyeongoza mambo hasa ni waziri wake Nizam al-Mulk, Mwajemi wa Khurasan, mwanzilishi wa vyuo vilivyoitwa Nizamiyya na mtungaji wa kitabu mashuhuri juu ya utawala, Siyasatnama. Tukitaka kusema kwa ufupi: upanga ulikuwa wa Waturuki, kalamu ilikuwa ya Waajemi. Si ajabu kwamba neno serikali, ambalo Waswahili wamelizoea hata wakasahau lilikotoka, lina asili ya Kiajemi.

Karibu na mwaka 1086 Nizam al-Mulk aliamuru ijengwe kuba mbele ya mihirabu, upande wa kusini wa msikiti, ambao ndio upande wa kibla. Nguzo kadhaa za ukumbi wa zamani zilibomolewa ili kupata nafasi. Badala yake yalisimamishwa maguzo manene ya matofali, na juu yake kuba lenye upana wa mita 15 hivi. Halikuwapo kuba kubwa kulishinda katika nchi za Kiislamu za Mashariki zama hizo, kwa kadiri tunavyojua. Maandishi ya Kikufi yanayolizunguka yanamtaja Malik Shah kwa vyeo vyake vyote, kisha yanamtaja waziri. Wazo lenyewe huenda lilitoka Dameski. Mwaka 1082-1083 msikiti mkuu wa huko ulikarabatiwa, na majina ya wawili hao hao yakaandikwa ndani yake. Na msikiti wa Dameski una kuba mbele ya mihirabu. Sehemu kama hiyo huitwa maksura: ni mahali pa mfalme kusalia, penye usalama na heshima. Raia waliosali katika kumbi za pembeni waliliona kuba na kujua aliyekuwa chini yake.

Msomaji atauliza: kuba la duara linakaaje juu ya chumba cha mraba? Hilo ndilo swali lililowashughulisha mafundi wa Uajemi tangu kabla ya Uislamu. Katika kila pembe ya mraba hujengwa tao la kukatiza, na mraba hugeuka kuwa umbo la pande nane. Juu ya hizo nane huongezwa matao madogo hadi zipatikane pande kumi na sita. Na kumi na sita tayari zinakaribia duara. Katika kuba la Nizam al-Mulk kila tao la pembeni limegawanywa katika vijitao vidogo, hata jicho halioni mahali uzito unapopita. Kazi ni ya nguvu kuliko ya madaha. Yale maguzo ya chini ni mazito mno, na mtu anayeingia huhisi uzito kabla ya kuhisi urefu.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 481 wa Hijria (1088-1089), lilijengwa kuba jingine upande wa pili kabisa, kaskazini, katika mstari ule ule wa katikati. Aliyelijenga aliitwa Taj al-Mulk. Huyu alikuwa mtumishi wa Terken Khatun, mke wa Malik Shah, na adui mkubwa wa Nizam al-Mulk. Bibi huyo alitaka mwanawe mdogo Mahmud arithi ufalme, waziri akamwelekea Barkyaruq, mtoto wa mke mwingine. Ugomvi ulioanzia katika nyumba ya mfalme ulifika hadi msikitini, ukajengwa kwa matofali. Kuba la kaskazini ni dogo, upana wake unakaribia mita 10 na kimo chake mita 20. Wakati huo lilisimama nje ya ukuta wa msikiti, peke yake. Lilitumika kwa kazi gani? Wengine husema mfalme alitayarishwa humo kabla ya kuingia kusali, wengine husema lilikuwa mahali pa ibada ya wanawake wa nyumba ya kifalme. Maandishi yaliyomo hayatoi jibu.

Linalotoa jibu ni umbo lenyewe, kwani aliyelibuni alikusudia kushinda. Kila kilichokuwa kizito kusini, hapa kimekuwa chepesi. Mistari ya nguzo nyembamba za ukutani huanzia sakafuni, hupanda bila kukatizwa, hupita kwenye matao ya pembe nane, hupita kwenye matao kumi na sita, hadi ukingo wa kuba. Ndani ya kuba mbavu za matofali zinakutana na kuchora nyota ya pembe tano. Anayejua hesabu atashangaa kidogo: tano haigawi nane wala kumi na sita, na kuiweka nyota ya tano juu ya msingi wa namna hiyo bila jicho kusumbuka ni kazi ya mtu aliyeijua jometri kwa undani. Ndiyo maana mwanachuoni mmoja, Alpay Özdural, alipendekeza katika miaka ya 1990 kwamba aliyelibuni ni Omar Khayyam, mwanahesabu aliyekuwa Isfahan zama hizo akifanya kazi ya falaki na kuitengeneza kalenda mpya ya Malik Shah iliyoanza kutumika mwaka 1079. Dhana hiyo inapendeza, lakini hakuna andiko la wakati ule linaloithibitisha, nasi tunaona ni afadhali kuiacha kuwa dhana. Waajemi hulita kuba hilo Gunbad-i Khaki, yaani kuba la udongo, kwa sababu ya rangi ya matofali yake yasiyopakwa kitu. Ni neno lile lile ambalo, baada ya kuzunguka India na Uingereza, limetupatia kitambaa cha kaki.

Mwisho wa wajenzi hao ulikuja upesi. Mwezi Oktoba 1092 Nizam al-Mulk aliuawa kwa kisu karibu na Nahavand na mtu aliyevaa kama sufi. Waismaili walitajwa kuwa ndio waliomtuma, ingawa wapo waliomshuku Taj al-Mulk. Mwezi uliofuata Malik Shah naye akafa. Taj al-Mulk akapata uwaziri alioutamani, akauawa mwaka 1093 na askari watumwa wa yule waziri aliyemtangulia.

Karne ya 12 iliugeuza msikiti sura. Maandishi ya lango la kaskazini-mashariki yanataja ujenzi mpya baada ya moto, mwaka 515 wa Hijria (1121-1122). Mwanahistoria Ibn al-Athir anawalaumu Waismaili kwa kuuwasha. Ni katika kipindi hicho kwamba katikati ya kila upande wa ua palijengwa iwani, yaani ukumbi wenye tao kubwa, uliofungwa pande tatu na kuachwa wazi upande wa nne. Wafalme wa Kisasani walikuwa na iwani katika majumba yao kabla ya Uislamu. Hapa zimewekwa nne, zikitazamana katika ua mmoja, na mpango huo ndio uliokuja kuwa alama ya misikiti na madrasa za Uajemi na Asia ya Kati. Msikiti mdogo wa Zavareh, wa mwaka 1135-1136, ndio wa kwanza wenye tarehe ya hakika uliojengwa hivyo tangu mwanzo. Huku Isfahan iwani nne zilitiwa ndani ya jengo lililokwisha kuwapo, na mtu akizikagua kwa makini ataona hazilingani. Hata majina yake yana ladha: ya kusini huitwa ya Sahib, ya kaskazini ya Darvish, ya magharibi ya Ustad, na ya mashariki ya Shagird, yaani mwanafunzi. Ustadhi na mwanafunzi wake wanatazamana mchana kutwa, ua ukiwa kati yao.

Sasa tuje kwenye mjadala. André Godard, Mfaransa, msanifu majengo, aliongoza idara ya mambo ya kale ya Iran kwa muda mrefu tangu 1928. Mwaka 1936 alichapisha uchunguzi wake juu ya msikiti huu katika jarida la Athar-é Iran, na hoja yake ilitawala vitabu kwa karibu miaka arobaini. Alisema hivi: Waajemi hawakuupenda msikiti wa nguzo nyingi wa Waarabu. Walirudia jengo lao la asili, hekalu la moto la Kisasani lenye kuba juu ya matao manne, wakalisimamisha peke yake upande wa kibla wa uwanja ulio wazi. Kwa maoni yake, kuba la Nizam al-Mulk lilianza hivyo, bila kumbi kando yake. Kumbi na iwani zilifuata baadaye. Alitoa mifano ya misikiti mingine, kama Ardistan na Gulpaygan, akaonyesha pia mahali ambapo kuta za kuba na za kumbi hazikushikana.

Hoja hiyo ilipokelewa vizuri mno, na sababu haikuwa ya kitaalamu peke yake. Serikali ya Reza Shah ilikuwa ikitafuta Iran ya kabla ya Uislamu katika kila jambo. Godard mwenyewe alichora jengo la jumba la makumbusho la Teheran, lililofunguliwa mwaka 1937, akalipa mlango wenye tao la kuiga kasri la Wasasani la Ctesiphon. Mtu anayelitafuta tao hilo asubuhi hadi jioni hana budi kuliona hata msikitini.

Katika miaka ya 1970 Waitaliano walifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa mwanzo: walichimba. Umberto Scerrato alisimamia uchimbaji, na Eugenio Galdieri ukarabati na uchunguzi wa kuta. Ndipo ulipoonekana msikiti wa karne ya 8 na mihirabu yake yenye nakshi za plasta, na juu yake misingi ya nguzo za mwaka 840. Msikiti wa nguzo nyingi haukubomolewa ili kulipisha kuba. Kuba lilipenyezwa ndani yake, na kumbi za pande zote mbili zilibaki mahali pake zikiendelea kutumika. Oleg Grabar, katika kitabu chake cha mwaka 1990, aliuchukua ushahidi huo na kuusoma msikiti kama kitu kilichokua pamoja na mji wake. Godard alikuwa na haki katika mambo mawili: kuba juu ya matao manne ni urithi wa kale wa Iran, na ufa kati ya kuta ni wa kweli. Lakini ufa huonyesha tu kwamba kuta mbili ni za nyakati mbili. Hausemi ipi ilitangulia. Yeye alidhani kuba ndilo lililotangulia, kwa sababu alitaka asili iwe moja na iwe ya Kiajemi.

Hapa ndipo mchunguzi wa Kiswahili anapokuta jambo analolijua. Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ina masimulizi ya Washirazi waliokuja kwa majahazi na kuanzisha miji, na katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria (1107), miaka kumi na minane tu baada ya kuba la Taj al-Mulk. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliona kila jiwe lililochongwa pwani kuwa kazi ya wageni. Kisha Mark Horton alichimba huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta mfululizo wa misikiti midogo, ya kwanza ikiwa ya miti, ya karne ya 8, umri ule ule wa msikiti wa kwanza wa Isfahan. Mji ulianza kwa mikono ya wenyeji. Wala masimulizi ya Washirazi hayakuwa hadithi tupu: uchunguzi wa chembe za urithi kutoka makaburi ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta nasaba ya Kiajemi upande wa wanaume na ya Kiafrika upande wa wanawake. Aliyedai asili moja, ya huku au ya huko, amekosea kwa namna moja na Godard.

Turudi Isfahan. Mnamo 1310, katika ukumbi ulio karibu na iwani ya magharibi, iliwekwa mihirabu ya plasta ambayo ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote za Wamongoli katika Iran. Sultani wake alikuwa Uljaytu, kitukuu cha Hülegü aliyeiteketeza Baghdad. Alibatizwa utotoni, akapitia dini ya Buddha, akasilimu kwa madhehebu ya Sunni, na muda mfupi kabla ya kazi hii akaingia Ushia. Mihirabu imechongwa kwa tabaka juu ya tabaka, majani chini, maandishi juu, na waziri Muhammad Savi ametajwa humo. Wataalamu huielewa kuwa tangazo la dini mpya ya mfalme, lililowekwa palepale ambapo mji ungelisoma siku ya Ijumaa. Waziri huyo aliuawa kwa amri ya mfalme wake mwaka 1312.

Karne zilizofuata ziliongeza kila moja sehemu yake: madrasa ya Wamuzaffari katika karne ya 14, ukumbi wa baridi wa mwaka 1447 wenye matao ya chini kama hema, ukarabati wa Uzun Hasan mwaka 1475-1476 na vigae vya buluu vinavyong'aa kuzunguka ua. Shah Abbas wa Kwanza alipoufanya mji kuwa makao makuu mwaka 1598 alijenga uwanja mpya, na tangu 1611 msikiti mpya wa kifalme kando yake, wenye fahari ya kumpendeza kila mgeni. Msikiti wa kale ukabaki kaskazini, mwisho wa soko refu linaloviunganisha vitovu viwili vya mji. Hauna uso wa nje. Maduka na nyumba zimeuegemea pande zote, na mtu huingia kwa mlango mmojawapo wa sokoni akajikuta ghafula mbele ya ua.

Mwaka 1985, wakati wa vita vya Iraki na Iran, shambulio la Iraki liliupiga msikiti upande wa kusini-mashariki na kuangusha sehemu ya paa za kumbi. Zilijengwa upya. Mwaka 2012 UNESCO iliuandika msikiti katika orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la hekta mbili na ushei, makuba ya mawaziri wote wawili yakiwamo.